Miche ya Marehemu na Dawa ya Utitiri

Jumatatu, 3 Machi
Majani ya nyanya yamepata madoa ya njano. Nimevaa miwani. Vumbi jekundu linatembea! Utitiri! Kwenye miche ya marehemu mke wangu, mbegu yake ya mwisho! Binti yetu anakuja mwezi ujao kuchukua tunda la mbegu, akapande kwake. Nimempigia asiwe na shaka, baba yake yupo.

Shemeji, mdogo wake marehemu, kaomba mche mmoja akautunze. Eti akiba haiozi. Nimekataa. Urithi haugawiwi kwa kuchungulia uani kwa watu.

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua dawa. Muuzaji kasema kifuniko kimoja kwa ndoo, nipulize chini ya majani maana ndiko wanakoishi, nisirudie kabla ya wiki kwisha. Kifuniko kimoja! Kitaua nini? Nimetia vinne. Chini ya majani sikufika, kiuno hakitaki. Nimelowesha juu.

Mche mmoja haupo. Kuku wa jirani, nani mwingine?

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Wadudu chali kila mahali, wale wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi. Nimemwita shemeji aone. Kasema hao ndio walinzi, ndio wanaokula utitiri. Kaondoka bila kuaga. Wivu huo.

Nimepuliza tena.

Jumatatu, 10 Machi
Kingo za majani zimeungua. Utando kila tawi, na utitiri umejaa tele. Dawa feki! Nimeongeza vifuniko.

Alhamisi, 13 Machi
Miche yote imekauka. Nimekaa kwenye kigoda chake nikalia, mtu mzima mimi. Alikuwa akiinama hapa kila asubuhi, anageuza jani moja moja kama mama anayekagua masikio ya mtoto, analiosha kwa maji matupu. Nilikuwa nikimcheka, nikimuuliza kama atayapaka na mafuta. Ningepewa asubuhi moja tu ya kumwona akiinama, nisingecheka.

Binti kapiga simu. Sikupokea.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji kaja na ndoo kuukuu. Ndani yake mche, mbichi, una maua! Kakiri kuwa aliuchukua siku niliyokwenda dukani, maana ananijua. Mwizi! Nimemshika mwizi wangu mkono, machozi yananitoka. Kasema maua yakishika, binti atapata mbegu. Kaniomba kitu kimoja: nigeuze majani, nioshe kwa maji, basi. Nimemwapia kwa jina la dada yake. Naye akalia.

Alipoondoka nimevaa miwani. Doa la njano. Moja tu, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimejaribu kuinama, kiuno kikagoma. Kwenye chupa dawa ilikuwa imebaki kidogo, haina maana kuiweka.

Nimeitia yote. Kisha nimempigia binti yetu, asiwe na shaka, baba yake yupo.