Kisima cha Baba Edward na Bomba la Mtaa

Jumatatu, 3 Februari 2025. Makambako.
Kisima kimetoa maji! Futi ishirini na mbili tu. Mungu ni mwema. Nimefunga pampu mwenyewe na kuiunganisha na bomba la nyumba, lile lile linaloleta maji ya mjini. Siku ya maji nitakunywa ya mamlaka, siku ya mgao nitakunywa yangu. Fundi Methodi alipita, akashauri niweke valvu ya kuzuia maji ya kisima yasirudi kwenye bomba la mtaa. Nikamjibu kwamba yeye alisoma chuo, mimi nimetazama mafundi miaka kumi, tena bila ada. Akauliza kama niliwatazama mpaka mwisho au niliondoka saa ya chakula. Wivu!
Jirani yangu Nathanieli ana simtank la lita elfu tano. Mgeni huonyeshwa tanki kabla ya kuonyeshwa kiti. Sasa tutaona.

Jumatano, 5 Februari.
Siku ya mgao. Nimewasha pampu. Mara vigelegele ng'ambo ya ua: bomba la Paskalina linatoka maji! Na la Nathanieli. Na nyumba mbili za mbele. Paskalina, mwenye mapacha wa miezi saba, akamshukuru Mungu kwa sauti, kwamba leo wanawe watapata uji mapema. Nikaenda kutazama mita yangu. Inazunguka kinyumenyume! Basi ni mimi ninayenywesha mtaa. Nikanyamaza. Sadaka hutolewa kwa siri, angalau wiki ya kwanza.
Nathanieli amejaza tanki lake kwa maji yangu bila kujua. Sijawahi kumpenda hivi.

Ijumaa, 7 Februari.
Mjomba amekuja kutoka Mdandu na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, lita ishirini, umegemwa asubuhi hii. Bado mtamu. Kufikia kesho utakuwa mkali, na mke wangu Dorkasi, mwimbaji wa kwaya, hataki kuuona ndani. Akili ikafanya kazi. Kisima kina baridi kama Makete! Nimelishusha dumu kwa kamba. Kifuniko nimekilegeza, maana ulanzi ukifungwa sana hupasua chombo. Hayo chuo hawafundishi.

Jumamosi, 8 Februari.
Mgao. Pampu. Saa nne nikavuta kamba: dumu jepesi, limepinduka. Lita ishirini zimeingia kisimani!
Zilikuwa zimeshaondoka. Wanakwaya waliokuwa wakinywa chai kwa Paskalina walisifu majani ya chai, wakaomba wajue duka. Nathanieli alikunywa vikombe vitatu ndipo akatangaza kwamba maji yameharibika. Paskalina hakucheka. Mapacha walikuwa wametema uji. Aliwabeba wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akakimbilia zahanati.
Nilikaa kwenye ndoo nikitazama njia ya zahanati. Jioni wakarudi wakicheka, meno mawili kila mmoja. Daktari hakuona ugonjwa. Asante Mungu. Asante tena.

Jumatatu, 10 Februari.
Amekuja afisa wa maji, dada mmoja anaitwa Consolata, na chupa za vipimo. Salamu zake nzuri: kamwene, baba, habari za nyumbani. Kisha akainama kwenye mita. Akataka kujua imekuwaje inasoma chini kuliko mwezi uliopita. Nikasema tunabana matumizi. Akaniomba niwashe pampu. Bomba la Paskalina likabubujika. Akanitazama kama mwalimu wa darasa la pili. Nikamweleza kwamba ule ni ukarimu. Akanusa dumu lililokuwa kando ya kisima, nikakiri habari ya ulanzi. Akahesabu hatua kutoka choo changu hadi kisimani. Kumi na moja.

Alhamisi, 13 Februari.
Majibu. Consolata alikusanya mtaa mzima uani kwangu. Kisima kina vijidudu vya chooni. Akasema tuushukuru ulanzi: choo kikivuja kisimani hakinuki wala hakibadili chai, na mvua kubwa zingekuja, watoto wangeanza kuharisha, na hakuna ambaye angejua chanzo. Akakata bomba langu la kisima mbele ya watu. Mabomba ya mtaa yatasafishwa kwa dawa. Tanki la Nathanieli pia, lote! Mimi nimepewa onyo la maandishi. Kisima ni cha bustani tu.
Nilingoja matusi ya Paskalina. Akanishika mkono, akasema Baba Edward, Mungu amekutumia bila wewe kuwa na habari. Watu wakacheka. Mimi machozi yalinitoka. Wanawe ni wazima. Nathanieli, kwa sauti ya chini, aliuliza ulanzi ule ulitoka shamba gani.

Jumapili, 16 Februari.
Nimesimama kanisani kushukuru. Nimeapa mbele ya usharika: sitaunganisha tena bomba la kisima na bomba la mjini. Amina ilikuwa kubwa. Dorkasi amenirudishia sahani ya udongo niliyoipenda, aliyoificha tangu aliposikia habari ya ulanzi, na nyama ndani.

Jumatano, 19 Februari.
Mgao. Ndoo za Paskalina kavu tangu alfajiri, na mimi nadaiwa fadhila. Kiapo nimekitunza: bomba sijaligusa. Lakini sokoni jana nimepata mpira wa kumwagilia, na mdomo wake unakaa kwenye koki yangu ya uani kama ulizaliwa hapo. Upande mmoja pampu, upande mwingine koki. Mpira si bomba. Hata mchungaji angekubali.
Vijidudu navyo nimevifikiria. Sipuuzi mambo ya afya. Nimemwaga kisimani chumvi kilo sita. Baharini kuna chumvi na sijasikia samaki anaharisha.
Nimewasha. Mita inarudi nyuma vizuri. Nimekaa hapa barazani na daftari, moyo umejaa shukrani kwa majirani niliopewa.
Namsikia Paskalina anaita. Safari hii hakusema Baba Edward. Amesema Yoramu Mgaya, jina langu lote, mara mbili, na lango lake limefunguliwa kwa nguvu.
Bila shaka maji yamefika.