Mshiriki Haonyeshi Dalili za Uhai

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Dkt. Wangechi, mkuu wa hospitali yetu hapa Ruiru, ametuita madaktari wote chumba cha chai na kutangaza kozi ya mtandaoni ya kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Masomo sita, kila mtu asome kwake. Ijumaa, mtihani wa vitendo mbele ya kamera. Atakayefeli anaondolewa kitengo cha dharura na kupelekwa ghorofani kupima mkojo wa watu wa bima.

Mimi! Austine Nzuki! Kule dharura jamaa za wagonjwa hunishika mkono kwa mikono miwili. Ghorofani mtu akininyooshea mkono, ameshika kikopo.

Dkt. Janice ameuliza kama anaweza kuanza leo. Leo! Amehitimu juzi tu na tayari anazimezea mate zamu zangu. Nimesema kwa sauti kwamba ujuzi kama wangu hauozi. Ukweli ni kwamba sikumbuki vizuri unabonyeza kifua mara ngapi kabla ya kupuliza. Siku hizi manesi ndio hubonyeza. Mimi husimama kando na kusema waendelee.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua somo la kwanza. Nikakaa. Nikainuka. Nikapika chai. Nikakaa tena. Kozi yenyewe ina umbea: kamera inakutazama, ukiondoka video inasimama. Watu wazima tunachungwa kama mbuzi!

Nikapata dawa. Nimechukua picha yetu kubwa ya harusi, nikamkunja mke wangu Ndila kwa nyuma ukabaki uso wangu peke yake, nikaiegemeza kitini. Video ikaendelea vizuri tu. Nikaenda zangu mjini kula nyama.

Kumbe usipopepesa macho kwa muda, kozi inamtumia ujumbe mwenzako aliye karibu: "Mshiriki haonyeshi dalili za uhai." Aliye karibu ni Janice, anayekaa Kahawa Wendani. Amefika kwetu Membley mbio na mkoba wa dharura, akakutana na Ndila mlangoni, wakaingia pamoja na kuikuta picha ikisoma.

Ndila hana shida na kozi. Anachotaka kujua ni kwa nini amekunjwa. Hata hivyo, somo la kwanza na la pili yamehesabiwa! Nimelala nikitabasamu, kwenye kochi.

Jumatano, 11 Juni

Wazo kubwa. Hospitali ina dami moja tu la mazoezi, sanamu ya kichwa na kifua bila miguu. Janice akilikosa, Ijumaa atakuwa mbovu kama mimi, na hawawezi kutupeleka sote ghorofani. Nikalibeba jioni. Buti ya gari ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikalikalisha kiti cha mbele, nikalifunga mkanda na kulivisha kitambaa cha kichwa cha Ndila ili lisitiliwe shaka.

Mburu, soja wa geti letu, ameliinamia dirishani na kulisalimia. Halafu akampigia Ndila simu: "Mama, daktari ameingia na mama fulani. Haiya, hata salamu hajibu!"

Ndila amefika nyumbani upesi ajabu. Nikamfunulia. Amelitazama, amenitazama, akasema kwamba kwa vile limeshafika, basi angalau nifanye mazoezi. Nimemwambia nimechoka. Moyoni naogopa. Nikikosea Ijumaa, Janice ataona. Hilo ndilo linalonitoa jasho, siyo mkojo wa bima.

Alhamisi, 12 Juni

Siamini macho yangu. Janice hakulilia dami hata kidogo. Ameleta gunia la mahindi kutoka shamba la mama yake huko Theta, akalilaza sakafuni chumba cha chai, na tangu asubuhi analibonyeza. Manesi wanapanga foleni wajaribu. Wanacheka! Kuna biskuti!

Nimemwonya kwamba gunia ni gumu kuliko kifua cha mtu, atazoea vibaya. Amejibu kwa upole kwamba daktari akijua dami lilipo, amwambie. Nimekumbuka nina mgonjwa. Jioni nikalirudisha dami kimyakimya. Kitambaa cha Ndila nimekisahau kichwani mwa hilo dami.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa shida. Kupumua kunauma.

Nimeitwa wa kwanza. Kwenye skrini yuko Dkt. Awiti, msimamizi wa kozi, na nyuma yangu wenzangu wote. Nikapiga magoti mbele ya dami. Akili ikawa nyeupe. Nianzie wapi? Nikageuka, nikamwona Janice ananikodolea macho. Basi nikafanya jambo moja tu lililonijia. Nikashika paji la uso, nikasema "woi", nikaanguka.

Mtu aliyezirai anapumua. Najua hilo. Lakini niliona nikipumua watajua nadanganya, kwa hiyo nikabana pumzi. Janice akaniita jina. Akanitikisa. Akatafuta mshipa wa shingo na, kwa shingo yangu hii nene, hakuupata. Kozi inasema ukikosa uhakika, anza kubonyeza. Hiyo iko somo la pili. Wakati wa somo la pili, darasani ilikuwa picha yangu.

Ameanza na nguvu zote za gunia la mahindi. Ubavu ukalia kra! Nikapiga yowe. Dkt. Awiti akapiga makofi kwenye skrini: mgonjwa amerudi! Dkt. Wangechi alikuwa analia. Wote walikuwa wananishangilia, na mimi nikaona haya kusema ukweli.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala na bandeji. Janice amepewa zamu zangu. Jumatatu ijayo mimi ni wa ghorofani. Ameniletea maembe na kuniuliza, akinitazama machoni, kama moyo wangu ulisimama kweli. Nimesema daktari hajipimi mwenyewe.

Habari njema: Dkt. Wangechi amenihurumia. Nikimaliza masomo yote usiku wa leo, nitarudia mtihani nikipona. Limeongezwa hata somo la saba, nalo ni video ya mimi sakafuni na Janice juu yangu. Wataitazama madaktari wote wa kozi. Kwa hiyo mimi ni mwalimu sasa. Mwalimu hakai darasani.

Ndila ameificha picha ya harusi. Sijali. Tatizo la picha lilikuwa macho yasiyopepesa, na kwenye video hii, nikibonyezwa, napepesa vizuri sana. Nimeiweka kwenye simu, nikaisimamisha mbele ya kamera ijirudie yenyewe. Mimi niko kitandani na embe. Raha!

Ndila anauliza nani anagonga geti hivyo. Mburu amepiga simu. Anasema ni Dkt. Janice, anakimbia, eti kozi imemtumia ujumbe tena, na leo amekuja na mashine ya kushtua moyo kwa umeme.