Bastola Nyembamba Katika Orodha ya Mahari

Lidcombe, Sydney

Kwako Mzee Rwegasira, baba mkwe mtarajiwa,
Houston, Texas.

Shikamoo Mzee.

YAH: KIFUNGU CHA SITA

Najua barua hii ilipaswa kupitia kwa mshenga. Kassian amekataa kuibeba. Anasema mshenga hubeba posa, salamu na matusi madogo madogo, ila hii imemzidi kimo. Kwa hiyo nakuandikia mwenyewe, kwa heshima zote, nikiwa kwenye benchi la karakana yangu huku Villawood, tunakounda upya paleti za mbao zilizovunjika. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nina watu wanane. Sisemi hivyo kwa kujisifu, bali ujue unajadiliana na mtu anayepima kabla ya kukata.

Orodha yenu niliipokea kwa furaha. Blanketi la bibi, sawa. Kanzu ya mjomba, sawa, ingawa mjomba ametoa vipimo vya tumbo alilokuwa nalo ujanani. Lubisi, ile pombe ya ndizi, kahawa ya kutafuna, mbuzi wa shangazi, vyote sawa. Ndipo nikafika kifungu cha sita: mwoaji awe na bastola ndogo nyembamba, ya risasi za safu moja, na aibebe kiunoni kila siku bila kuonekana, kwa kuwa binti yenu Kokugonza haendi kwa mwanamume mtupu. Na chini yake, kwa wino mwekundu, kwamba bila hicho harusi ya Desemba haipo.

Mzee, sikukasirika. Nilichukua penseli. Nimezisikiliza zile sauti zako zote za WhatsApp, na nakiri umelifikiria jambo hili kuliko watu wengi wanavyofikiria nyumba ya kujenga. Unene usizidi sentimita mbili na nusu. Uzito usifike gramu mia sita. Risasi saba zinamtosha mtu mwenye akili, maana safu mbili hunenepesha mpini, na bastola nene huishia kabatini, na silaha ya kabatini humlinda mwizi. Ifichwe mahali ambapo hata unayekula naye hapajui. Na kila asubuhi, kabla ya chai, ihakikiwe kama ina kitu ndani. Ni kanuni nzuri. Nazilalamikia kama ifuatavyo.

1. Nilianza na serikali. Nilikwenda kaunta ya polisi nikiwa nimevaa tai, nikaomba fomu ya bastola. Kijana wa kaunta akauliza sababu. Nikamwambia: mahari. Akaenda ndani, akarudi na sajenti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani kichwani. Naye akauliza sababu. Nikarudia, nikaeleza na posa, na mshenga, na wino mwekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Kassian hajawahi kulifanya. Akasema hapa kujilinda si sababu ya kupewa bastola, na kutembea nayo kiunoni ni njia fupi ya kufika jela, na kwamba mahari pia haimo kwenye sababu zinazokubalika, ila angependa kujua jambo moja.

"Na blanketi la bibi," akauliza, "umeshanunua?"

Kwa hiyo hata polisi wa Sydney, Mzee, wako upande wa orodha yako, isipokuwa kifungu kimoja.

2. Tuseme sheria ingekubali. Mimi si mtu wa kukataa kitu kabla ya kukijaribu. Nilikata kipande cha mbao ngumu, tofali tu, bila umbo la silaha yoyote maana hata za bandia hapa ni kesi. Urefu sentimita kumi na sita, upana kumi na moja, unene mbili na nusu. Nikakitia misumari mpaka mzani ukasoma gramu mia tano na themanini. Nikakichomeka kiunoni ndani ya suruali, shati juu, nikaishi nacho.

Kuinama kuokota paleti nikiwa nacho ni kuchomwa ubavu kila mara. Kwenye treni nilikaa upande kama bibi harusi. Nilihama upande wa kulia, nikahamia wa kushoto, mwisho mbele, chini ya mkanda. Hapo, Mzee, hakikuonekana kabisa. Kilihisika. Jumapili kanisani Mama Léocadie, mzee wetu wa Kikongo anayepokea watu mlangoni kwa kuwakumbatia, alinikumbatia, akanivuta pembeni.

"Mwanangu Godson, iyo kitu ni ngiri? Usisikie haya. Hata bwana yangu alikuwaka nayo, na tulizaa watoto saba."

Ningemwambia nini? Kwamba ni mahari? Nilirekebisha mkanda, na hilo likachukuliwa kuwa ndiyo. Kabla ya sadaka niliitwa mbele nikaombewa ngiri na kanisa zima, kwa Kiswahili na Kifaransa, huku mchungaji ameninyooshea mkono sehemu hiyohiyo. Tangu siku hiyo kila ninayesalimiana naye ananiuliza kama imeshuka. Naomba hilo lihesabiwe kama sehemu ya mahari iliyokwisha kulipwa.

3. Ulisema silaha huchaguliwa kwa kumtazama adui. Nimemtazama. Adui wa kwanza hapa mtaani kwangu ni ndege, mweusi mwenye mabaka meupe, anayelea makinda yake juu ya mti wa njia ya kwenda stesheni. Kila Septemba hushuka kwa kasi na kudonoa kisogo cha mpita njia. Amekwisha kunidonoa mara nne. Naye analindwa na sheria, mimi silindwi. Bastola ya safu moja haina msaada hapo. Watu wenye akili huvaa ndoo.

Adui wa pili ni jirani anayepiga gitaa, lakini anaboreka.

Adui wa tatu unamjua kuliko mimi, kwa kuwa ndiye aliyekukesheza Bukoba miaka ile: kifua cha Kokugonza. Mwezi Oktoba tulikuwa tunasubiri feri Parramatta. Ghafla mbingu ikageuka zambarau, upepo ukabeba vumbi la maua ya nyasi, na hapa upepo wa namna hiyo huwaangusha wenye pumu kama nyundo. Nikamwona ameshika nguzo. Mabega yanapanda, hewa haiingii. Mkoba wake ulikuwa garini. Mzee, mkono wangu ulikwenda kiunoni kama ulivyonifundisha, haraka, bila kufikiri, nikachomoa tofali la mbao. Nimesimama mbele ya mtu ninayempenda, anakosa pumzi, na mimi nimeshika ubao wa paleti. Nikautupa mtoni.

Ndipo nikakumbuka mfuko wa shati. Humo nina pampu ya pumu, ya akiba, tangu wiki tuliyojuana. Nikamwekea mdomoni, nikaikandamiza mara mbili. Akageukia ukutani, mikono juu akishikilia kilemba kisipeperuke, unajua anavyokipenda kilemba chake, hata ofisini havui. Akabaki hivyo kitambo. Aliponigeukia, mabega yalikuwa yameshuka. Akasema, "Twende, feri hiyo." Sijapata kusikia sentensi tamu kuliko hiyo.

4. Kwa hiyo naomba kifungu cha sita kirekebishwe, bastola iondolewe na pampu iwekwe. Nimeipitisha kwenye kanuni zako zote. Unene, sentimita tatu, nusu imezidi, nisamehe. Uzito, haifiki gramu arobaini. Hairushi mkono. Haihitaji fomu wala tai. Safu ni moja, na wewe ulitaka risasi saba, hii inabeba mia mbili, na dirisha dogo la namba linaonyesha zilizobaki. Mama Léocadie anaweza kunikumbatia nayo asigundue kitu. Na tangu nianze kuibeba, aliyekusudiwa kulindwa yuko hai. Nionyeshe bastola moja ya Houston yenye hesabu hiyo.

5. Ukikataa, basi tuitumie kanuni yako mpaka mwisho wake. Umeandika kwamba mwanamume asiye na bastola kiunoni hawezi kukabidhiwa Kokugonza. Vizuri. Desemba utatua uwanja wa ndege wa Sydney, na yako haitavuka nawe. Utashuka mtupu kama mimi. Kwa kanuni hiyo hutaaminika kumshika mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni, hatua kama thelathini, na itabidi tumtafute mtu mwingine wa kumtembeza. Kwenye mji huu wanaoruhusiwa kubeba ni polisi. Sajenti nimemuuliza, yuko tayari. Anasema atakuja na blanketi.

Kama hupendi hilo, nimekukatia tofali lako la mbao. Nimelipiga msasa.

Nakuomba jibu, Mzee, kabla ukumbi haujachukuliwa na watu wengine. Mimi sina mashaka na kitu kingine chochote kwenye orodha. Nina mashaka na kuishi mwaka mwingine nikimsindikiza mpaka stesheni kisha narudi peke yangu.

Nisalimie Mama, shangazi wa mbuzi, na mjomba, umwambie kanzu nimeiongeza upana kidogo bila kumuuliza. Kassian anakusalimu kwa mbali. Mama Léocadie naye anakusalimu na anasema ngiri ni kitu kidogo mbele za Mungu.

Ni mimi mwanao mtarajiwa, ninayepima kabla ya kukata,

Godson Temu

Nyongeza: Kokugonza ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na amecheka mpaka nikashika pampu. Amenionyesha lile dirisha dogo la namba. Linasoma sifuri. Anasema lilikuwa sifuri hata siku ile gatini, na nilichompulizia mdomoni ni upepo mtupu na nia njema. Iliyomwokoa ni yake mwenyewe, anayoificha ndani ya kilemba, na anaihakiki kila asubuhi kabla ya chai. Anasema ulimfundisha wewe, akiwa darasa la tatu. Mimi nimekula naye mwaka mzima sikuijua. Alikaa kimya kwa sababu nilionekana nimefurahi sana kumwokoa.

Kwa hiyo kifungu cha sita kilikuwa kimekwisha kutimizwa kabla hujakiandika, ila si na mimi. Kokugonza ameshika kalamu yangu nyekundu na anauliza, kwa kuwa mwoaji sasa ni yeye, mahari ya kunioa mimi ipelekwe kwa nani.

G.T.