Jengo Kimya Kuliko Yote Duluth

Jumatano, 9 Oktoba

Bosi kapiga simu. Nyumba namba sita ipate mpangaji kabla ya Jumapili, la sivyo uangalizi wa jengo anampa mpwa wake Brent, nami nihame chumba changu cha bure. Brent! Asiyejua hata kuziba bomba!

Nyumba yenyewe nzuri. Ubaya ni jengo. Jipya, la mbao tupu, na mjenzi hakujaza kitu cha kuzuia sauti ndani ya kuta. Delmar wa juu akikohoa, wa chini wanatafuta dawa. Lorna, mwangalizi wa jengo la zege ng'ambo ya barabara, kaniuliza leo namba sita napangisha nyumba au gitaa. Nikacheka kistaarabu. Atanitambua!

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Mjane, Bi. Ardis Hokanson, anakuja Jumamosi kutazama. Anatoka shambani, kazoea ukimya. Basi atapewa ukimya! Nimegawa soksi nene za sufu kwa kila mpangaji na kuoka keki za mdalasini za kuwalainisha. Amri: mgeni akiingia, kila mtu kitini, asitikisike. Delmar akauliza, na kupumua je? Nikamwambia kwa kiasi. Corinne wa namba tano alidai keki mbili ndipo akifungie kabatini kinanda chake cha kodiani. Mnyang'anyi! Nikampa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kimya cha ajabu! Bi. Ardis akagusa kuta, akauliza watu wako wapi. Nikasema wamo wote, ujenzi bora ndio huo. Nilijipenda sana. Akainama kutazama jiko. Vumbi. Akapiga chafya.

"Mungu akubariki!" kutoka juu. "Akubariki, mama!" kutoka ukutani. "Mungu akubariki!" kutoka chini ya sakafu.

Watu wa mji huu wa Duluth! Waambie wasipumue, watajitahidi. Chafya lazima waijibu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Bi. Ardis kasimama, machozi yanamlengalenga. Akasema tangu Harold wake afariki anapiga chafya jikoni na hakuna wa kumjibu. Akaiangalia dari, akasema asante. Sauti ya Delmar ikamjibu: "Karibu sana, keki zipo!" Akatia sahihi palepale!

Nimeshinda! Brent, kwaheri! Nilivuka barabara mbio kumpasha Lorna. Kanifungia mlango. Raha iliyoje!

Jumapili, 13 Oktoba

Bi. Ardis kahamia na kochi lake. Bosi kauliza siri ya ushindi. Nikamwambia: ukimya na soksi. Yale machozi ni adabu tu za mama wa watu. Kafurahi, kanikabidhi nyumba namba mbili nayo niijaze, waliomo wanahama mwezi ujao. Soksi nimeshaagiza. Jioni nikawakusanya wapangaji wote, Bi. Ardis kakaa mbele kabisa, nikawapa onyo kali: safari hii mgeni akipiga chafya, ole wake atakayemjibu!