Natafuta Kiki: Chuma Kilichoruka Ukuta

Nyumba Namba 19
Jumatatu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakazi wa Mtaa Wetu

YAH: KUPOTEA KWA KIKI NA KUDHALILISHWA KWA MWENYE KIKI

Ndugu Mwenyekiti,

Jumanne iliyopita, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nilipoteza kiki. Nasema kiki, yaani ule mkono wa chuma unaokanyagwa kwa mguu kuwasha pikipiki. Urefu sentimita ishirini na mbili, uzito robo tatu ya kilo. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili kabla hujaendelea, maana matatizo yetu yote, mimi na wewe, yameanzia hapo.

Kama ujuavyo, mimi ni mchomeleaji wa mageti. Karakana sikuirithi, nilianza kwa kuunga miguu ya vitanda, na leo mageti ishirini na saba kati ya thelathini na moja ya mtaa huu ni kazi ya mikono hii, likiwemo lako linalofunguka bila kulia. Nilichorithi ni pikipiki moja ya Kiingereza, silinda moja, kuukuu kuliko mimi. Ndiyo iliyombeba mama kwenda kunizaa, ikazimika katikati ya njia, akamalizia kwa miguu huku baba akiipiga kiki na kumwambia, "We tangulia, nakuja." Mama hajasahau. Ameapa hataipanda tena mpaka itembee maili mia tano bila kuzimika njiani. Ijumaa hii anatimiza miaka themanini, na nimemwahidi kwamba siku hiyo nitampakia.

Injini nimeifumua na kuisuka upya kwa miezi kumi na minne: pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Injini iliyosukwa upya haikimbizwi. Inazoeshwa taratibu kama kiatu kipya. Mwendo wangu ni maili thelathini kwa saa, hauzidi hata nikitukanwa. Nimeshamaliza maili mia nne thelathini na tisa. Zimebaki sitini na moja, sawa na saa mbili na dakika mbili. Hapo ndipo kiki iliporuka. (Nilisahau kurudisha nyuma kile kijiti cha kuchelewesha cheche. Injini ikanirudishia teke, bolti ikaachia, kiki ikapaa. Kosa hilo ni langu, na ugoko wangu umeshakiri.)

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuletea tangazo la ubao wa mtaa, kwa herufi kubwa: NATAFUTA KIKI KWA HALI NA MALI. Ulilikataa, ukaandika juu yake kwa wino mwekundu, "Mtu mzima huoni aibu?" Aibu ya nini, Mwenyekiti? Aliyepoteza ufunguo hutafuta ufunguo.

2. Katika mkutano wa Jumatano, mbele ya wakazi arobaini na sita, ulisema baadhi yetu tumeacha kazi na sasa tunatafuta kiki. Nilisimama nikasema kwa unyenyekevu kwamba ni kweli natafuta, tena usiku silali, na nitamshukuru yeyote atakayenisaidia. Sikuelewa kwa nini katibu alianguka kutoka kwenye kiti. Mke wangu ndiye aliyenifafanulia tukirudi nyumbani kwamba siku hizi kiki ni vituko vya mtu anayetaka kujulikana. Mimi neno hilo nimelitumia miaka arobaini nikimaanisha chuma.

3. Kwa sababu ya maneno yako, Alhamisi nilitembelewa na mwimbaji wa harusi, mtu asiyejua pistoni hata kwa kuonyeshwa. Akaniambia, "Mzee, kiki inayobamba sasa hivi ni umwache mama, halafu mrudiane baada ya wiki mbili." Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Tangu hapo kila nikinyanyua kikombe ananiuliza, "Sasa mimi unaniacha lini, nipange nguo?"

4. Nimepigwa picha nikisukuma pikipiki.

5. Nimepiga hesabu. Ukuta wangu una mita mbili na nusu, kiki ilielekea mashariki, na baada ya sekunde mbili hivi nilisikia bati likigongwa. Mashariki kwangu kuna nyumba tatu. Mbili ni za vigae. Ya bati ni yako. Sisemi umeiba. Nasema tu kwamba anayezuia kiki isitafutwe, huku bati lake pengine limebonyea, anatuachia maswali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na sidhani nimezidisha. Kwanza, mkutano upitishe azimio la kulirudishia neno kiki maana yake. Pili, mpaka kiki ipatikane, nipewe wasukumaji kila asubuhi, maana mtaa wetu ni tambarare na pikipiki haiwaki kwa kuonewa huruma. Yenyewe ina kilo mia moja themanini, mimi tisini na nne. Jumla mia mbili sabini na nne. Kwa watu sita ni kilo arobaini na tano na ushee kila mmoja. Wewe, kwa umbo ulilojaliwa, utahesabiwa wawili, hivyo tafuta wanne tu. Tatu, utangaze hadharani kwamba mimi ni mtu wa kazi ambaye hajawahi kuhitaji macho ya watu.

Ijumaa mama atakaa barazani akisubiri mlio. Asipousikia atasema, "Kama baba yake tu." Hilo, Mwenyekiti, sitalivumilia.

Nisalimie mkeo, mpangaji wako wa chumba cha nyuma, katibu kama ameshanyanyuka, pamoja na mbwa wako, ambaye alinikimbiza nikiwa kwenye maili thelathini, akanipita, akanisubiri mbele.

Ni mimi, nisiye na kinyongo kilichozidi kiasi,

Fundi Mageti

Nyongeza, Jumatano: Kiki imepatikana jana. Iligonga bati la banda langu mwenyewe ikarudi uani, ndani ya kapu la nguo chafu. Pikipiki imewaka kwa teke la tatu. Lakini barua hii nilikuwa nimeshaisoma mbele ya kamera, na hadi sasa imetazamwa na watu elfu kumi na moja mia nne na sita, kwa hiyo nakuomba usimwambie mtu mpaka Jumamosi. Mama naye hajali tena maili. Anasema atapanda hata leo, mradi kamera imchukue kwa upande wa kushoto. Kinachokosekana ni kipande cha video cha pikipiki ikisukumwa. Nijibu moja kwa moja, kwa maandishi, kabla ya Alhamisi saa sita mchana: utasukuma ukiwa umevaa ile suti ya mikutano, ndiyo au hapana?