Wino wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza shajara. Naapa kusema yote, hata yatakayoniaibisha. Sitarajii kuwa yatakuwa mengi.

Klabu ya sayansi itapeleka mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya shule zote. Mmoja tu. Huko kuna hadubini inayoonyesha seli ya neva ikiwa hai. Mimi nimeiona kitabuni, ukurasa wa 112, na kuna mtu aliichorea masharubu. Miaka mitatu nimeosha vioo vya maabara. Nastahili.

Tutaandika insha ya ukurasa mmoja: seli ya neva hujijuaje? Mwalimu wa biolojia ameeleza vizuri. Seli ina matawi mengi, na juu yake imevaa protini, kama beji. Tawi likigusa tawi, beji hupimana. Zikilingana zote, seli hujua kumbe ni mimi mwenyewe, na tawi hurudi nyuma. Ikitofautiana hata moja, seli huona mwenzake, na huenda wakaungana wakapashana habari.

Mpinzani ni mmoja: Kasuku, tunayekaa naye dawati moja. Tunamwita hivyo kwa kukariri. Kila insha yake huanza na methali. Hata ya hesabu.

Jumanne, 5 Machi

Insha nimemaliza. Safi, haina pambo. Nimempa karani wa shule, ambaye ni mama yangu mdogo. Atazichapa zote ili miandiko isijulikane. Hakuna majina, nambari tu. Kisha tutasahihishana wenyewe: kila mtu insha nne, kila insha alama ishirini. Ukikutana na yako, irudishe, upewe nyingine. Mwalimu akasema tufanye kama seli: jitambue, rudi nyuma. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa kazini, kichwani.

Mpango: insha yenye methali mwanzoni ni ya Kasuku. Nitaizika. Sitahitaji hata kuisoma.

Jioni mama mdogo alikuja nyumbani. Akaniambia insha yangu ni nzuri ila kavu kama mkate wa juzi, sijui aitie chumvi kidogo? Nikamjibu sawa, mama mdogo. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa natafuta kalamu yangu ya wino wa kijani.

Alhamisi, 7 Machi

Tumesahihisha. Tatu za kwanza nilizisoma kwa haki: kumi na nne, kumi na mbili, kumi na tano. Ya nne ikaanza: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kasuku mtupu! Sikufika mstari wa pili. Nikampa tatu, na hizo ni za usafi wa karatasi. Nikaandika chini: "Mwandishi huyu hajijui. Aanze upya, ikiwezekana darasa la kwanza."

Kasuku alikuwa bado kwenye ya pili, anasoma huku midomo ikicheza. Akaniuliza, "We mwenzangu, umemaliza saa ngapi?" Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Akacheka, akanikatia nusu ya chungwa lake. Nililila. Chungwa halina hatia.

Ijumaa, 8 Machi

Niliapa kusema yote. Haya.

Kasuku wa kwanza, sitini na tatu. Mimi wa pili, sitini. Nikarudishiwa insha yangu. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na nane. Tatu.

Hiyo tatu ilikuwa ya kijani.

Juu kabisa: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilikwenda mbio ofisini kwa mama mdogo. Akasema, "Si nilikuuliza, mwanangu? Ukasema sawa." Insha ya Kasuku safari hii haina methali hata ya dawa. Anasema alichoka kuchekwa.

Ningejipa saba tu, ningeshinda.

Mwalimu aliutazama ule wino, akanitazama mimi. Klabuni hakuna mwingine mwenye kalamu ya kijani. Akauliza kama niliisoma. Nikasema nilisoma palipo muhimu. Akasema seli haina macho na inajitambua, wewe una mawili na miwani. Kisha akasema alama zilizotolewa zimetolewa.

Ile ishirini ni ya Kasuku, mwandiko wake naujua. Ameandika: "Sasa nimeelewa. Ningependa kumjua aliyeandika." Unafiki gani huu? Yeye huwa hampi mtu ishirini.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la mama mdogo kwa kutia methali, na la Kasuku kwa kuitoa. Mtu akishazoeleka kwa beji yake aivae, asihangaishe watu. Mwakani nitamtambua kwa mstari wa mwisho.

Kasuku alipita asubuhi. Akaomba nimweleze tena ile habari ya beji moja, aweze kuijibu huko, na akaahidi kunichorea atakachokiona kwenye hadubini, bila masharubu. Nikamwambia nina kazi.

Kazi yenyewe ni barua hii, ambayo mama mdogo atampelekea mwalimu:

"Mwalimu mpendwa, shikamoo. Mmoja wa wasahihishaji wangu alikuwa na chuki. Hakusoma insha yangu, na maneno aliyoandika yameniumiza sana. Naomba alama zake zifutwe na aonywe vikali, ila jina lake lisitajwe mbele za watu, kwani ametoka familia nzuri. Nitashukuru kupata jibu Jumatatu asubuhi, kwa mkono wa huyu aliyeileta: mtu wa namna hiyo anaruhusiwaje kusahihisha kazi ya mwenzake?"