Uhakiki Wangu wa Zimwi la Kinamasi

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Gari la sinema la kila mwezi linafika Maneromango kesho. Safari hii si filamu ya mbu wala ya samadi. Ni ya zimwi! Sijaiona, ila uhakiki wake nimeshautuma gazetini Dar es Salaam tangu wiki iliyopita, ili nimtangulie Alfonce. Alfonce ni seremala wa misheni. Naye huandika gazetini. Naye anampenda Petronila, mwalimu wa ushonaji. Nimeandika kwamba zimwi hilo ni la kuchekwa, na kwamba mwanamume kamili hatishwi nalo. Petronila husoma gazeti kila Alhamisi. Ataona jina langu, Cornel, limepigwa chapa. Mwezi wa nne huu namuwaza yeye tu, hata chakula hakipiti.

Jumatano, 8 Agosti
Jana tuliiona, giza lilipoingia tu. Nilikaa nyuma ya Petronila, tayari kucheka kwa sauti ili ajue nina moyo. Sikucheka. Zimwi linatoka kinamasini kutafuta mke. Kila linapobisha hodi, watu wanalifungia mlango. Mwisho wanalipiga risasi darajani, maji yanalichukua. Petronila alilia. Mimi niliinamia miguu yangu nisionekane, maana habari za kubisha bila kufunguliwa nazijua.

Bibi Mwanamvua alimuuliza bwana wa sinema marehemu kazikwa wapi. Akajibiwa kuwa hakuzikwa, ni picha tu. Bibi akasema picha au si picha, mtu hawezi kufa hivihivi bila matanga. Leo asubuhi kinamama wanakusanya unga.

Ndipo nilipoikumbuka makala. Nikakimbia dukani kwa Salehe, anayepokea barua zetu, nikamsihi anirudishie bahasha. Akasema iliondoka na basi siku ileile.

Alhamisi, 9 Agosti
Makala imechapwa yote. Petronila aliwasomea kinamama waliokuwa wakitwanga. Alipofika pale nilipoandika kwamba jambo jema pekee alilofanya zimwi ni kufa, michi ilisimama.

Mzee Mwinjuma, mkubwa wa kijiji, aliniita. Nikampa shikamoo, marahaba ikachelewa kidogo. Akaniuliza ni nani mwenye ruhusa ya kumtukana maiti msibani. Nikasema mtani. Akauliza mimi na marehemu tuna utani wa wapi. Hapo akili ikanijia. Nikasema babu yangu alizaliwa kinamasini, bonde la Ruvu, kwa hiyo marehemu ni mtani wangu halali! Mzee akanitazama sana. Akasema vema, kama ni mtani, basi nikafanye kazi za mtani msibani.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimechota maji tangu alfajiri. Nimepasua kuni. Nimeosha masufuria kumi na moja. Alfonce alikaa mkekani na wafiwa, sura imemshuka vizuri kabisa. Amechonga na kibao cha kaburi, hakina alama yoyote kwa sababu hatujui dini ya marehemu. Kila mtu alikisifu.

Mchana Petronila alileta sahani chafu. Akasema, pole mtani. Akacheka kidogo. Tangu Aprili nilikuwa sijapata kicheko chake kilicho changu peke yangu. Alisimama pale kama anangoja neno. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikaribia kulia, na kwamba ninampenda. Nikamwambia ukoko wa sufuria hii ni mgumu. Akaenda zake. Nimebaki nayatazama majivu mikononi mpaka kinamama wakaniita tena.

Jumapili, 12 Agosti
Baada ya ibada Petronila alinifuata mwenyewe. Aliniuliza, kweli sikulihurumia lile zimwi hata kidogo? Alfonce hakuwapo. Njia ilikuwa tupu. Jibu lilikuwa mdomoni, neno moja tu. Lakini neno la njiani hupotea, la gazetini hukaa. Nikamwambia asome gazeti mwezi ujao, atanifahamu. Akasema haya, akafungua mwavuli wake akaondoka polepole. Nilimtazama mpaka kona ya shule. Hakugeuka.

Jumatatu, 13 Agosti
Kosa langu nimelijua. Nilicheka gazetini mahali pa kulia. Basi usiku kucha nimeandika uhakiki wa filamu ya mwezi ujao, nikaeleza jinsi nilivyolia tangu mwanzo hadi mwisho, na jinsi moyo wangu ulivyokuwa umefungiwa milango. Haijapata kuandikwa makala ya huzuni namna hii. Basi la asubuhi limeichukua.

Ndipo Salehe akaniambia filamu inayokuja inafundisha kuchimba choo.

Si neno. Nitakaa nyuma ya Petronila, na nitalia.